Pati ya Kulaani ya Jeska Mwanzo

Watu wa Barabara ya Tisa, Ulyankulu, wanaapa kwamba Jeska alizaliwa na bisibisi mkononi. Mkunga aliuliza, "Hii ya nani?" Hakuna aliyejibu, na mwenye nayo hajajitokeza mpaka leo. Akiwa na miaka saba alifungua redio ya marehemu baba yake ili amwone msomaji wa habari amekaa wapi. Hakumwona. Lakini alipoifunga, redio ikaanza kutangaza matokeo ya mpira kabla mechi haijachezwa, na wanaume wa barabara nzima wakahamia sebuleni kwao hadi betri zilipowahurumia wenye nyumba zikafa.

Alipokua akawa fundi simu pale senta. Simu aliziweza, kwa sababu mwenye simu hukaa papo hapo akamkodolea macho mpaka amalize. Mambo mengine aliyaanza tu. Alifungua saluni, mteja wake wa kwanza akasukwa upande mmoja wa kichwa. Upande wa pili anausubiri hadi leo, na amezaa mara mbili akiusubiri. Alijenga banda la kuku lisilo na paa, kuku wakaliona anga wakakumbuka kwamba nao ni ndege. Alianzisha kwaya yenye wimbo mmoja usio na ubeti wa mwisho, kwa hiyo wakianza kuuimba hawajui pa kuishia. Ndiyo maana wakamwita Jeska Mwanzo.

"Mwanangu huyu," mama yake, Nibizi, alikuwa akiwaambia watu, "angepewa yeye kazi ya kuumba dunia, tungeishia siku ya pili. Mbingu ipo, nchi kavu bado."

Jeska alicheka pamoja na wengine. Lakini kicheko cha jina lake kilikuwa kama punje ya mchanga kwenye ugali: unaimeza, na jino linakumbuka.

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho alikuwa karibu kukimaliza. Mradi mmoja wa maziwa ulipofungwa, uliiachia parokia vitu viwili: ng'ombe mwenye hasira na kompyuta tisa. Ng'ombe aliliwa Krismasi ile ile. Kompyuta hazikulika, zikarundikwa kwenye stoo nyuma ya ukumbi, na mende wakaingia humo na ukoo wao wote, mpaka mababu. Jeska akaomba ruhusa azifufue. Miaka miwili alikaa kwenye stoo ile kila alasiri akibadilisha kifaa cha hii kwenda ile, hadi zote tisa zikawaka. Alitaka kile chumba kiwe mahali pa kufundishia watu wa Ulyankulu kompyuta. Alitaka hicho tu, na hakumwambia mtu kwa sauti, maana akisema "nataka" watu walikuwa wanatabasamu.

Mwezi wa tano ukafika, na katekista Tobias akafika nao. Tobias ndiye aliyeshika funguo za stoo za parokia. Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti isiyohitaji kipaza. Akisali rozari kwake, watu wa barabara ya pili huitikia.

"Shikamoo, Katekista."

"Marahaba. Jeska, mahindi ya sadaka yanakuja."

"Yanatoka wapi?"

"Shambani, mwanangu. Mahindi hayatoki Roma. Yanataka pa kulala, na humu naona wamelala mende."

"Niachie chumba, Katekista. Nataka kufundisha watu."

"Miaka miwili nasikia nataka, nataka. Wewe ni Mwanzo, na mimi nina magunia."

Lile jina lilimchoma Jeska, na mdomo ukamtangulia akili. "Jumamosi hii nitakijaza watu!"

Tobias akaangaza macho. Kulikuwa na meza tisa, na kila meza na kiti chake. "Haya. Viti tisa, watu tisa, bila wewe. Jumamosi saa tisa alasiri nakuja kuhesabu mwenyewe. Kikibaki kiti kimoja kitupu, Jumatatu naingiza magunia. Watu wasipokijaza, mahindi yatakijaza."

Jeska hakulala sana usiku ule, ila asubuhi alikuwa na mpango. Humo kwenye kompyuta alikuwa na mchezo wa mbio za magari. Akiziunganisha mashine zote kwa nyaya, watu tisa wataendesha katika barabara moja kwa wakati mmoja, wagongane, watukanane, wacheke. Vijana kumi wa senta wakaahidi kuja kabla hajamaliza kueleza. Walichouliza ni kimoja: "Bando atanunua nani? Na mtandao wenyewe hapa unakuja na kuondoka kama mgeni wa harusi!"

"Hauhitajiki mtandao."

"Mtandao bila mtandao? Hiyo ni supu ya mfupa uliochorwa!"

Hata mama yake alishangaa. Jeska akamuuliza, "Mama, wewe na Mama Dismasi mlipokuwa mnasengenya watu, kabla ya mambo ya mbuzi, mlikuwa mnapigiana simu?"

"Simu ya nini? Ua wetu ni mmoja. Nagonga bua la ua, anakuja, tunamaliza watu wote kabla chungu hakijachemka."

"Basi ndivyo hivyo. Kompyuta zangu zimo ndani ya ua mmoja. Hazina haja ya kwenda mpaka Dar es Salaam ndipo zisalimiane."

Nibizi akaitikia kwa kichwa akiwa ameelewa, kisha akanuna, kwa sababu alikumbushwa mbuzi. Msimu uliopita mbuzi wa jirani yake Stela, ambaye watu humwita Mama Dismasi, aliingia kwenye kitalu cha tumbaku cha Nibizi akala miche. Tangu siku hiyo mbuzi yule hukohoa kila alfajiri kama mzee aliyeanza kuvuta sigara utotoni, na tangu siku hiyo Nibizi na Mama Dismasi hawasalimiani. Nibizi alisema mbuzi alikula kitalu kizima. Mama Dismasi alisema mbuzi alikuwa anapita tu, na kwamba ulimi wa Nibizi ungefaa kufungiwa zizini pamoja naye.

Jumatano Jeska akaenda Tabora mjini kwa Sabiri, muuza vifaa chakavu. Sabiri akamtolea kile kisanduku cha kuunganishia nyaya, wenyewe wanakiita swichi. "Kina midomo kumi na sita," akasema, "ila saba imenyamaza."

"Mimi nataka tisa."

"Basi Mungu amekupimia, binti yangu. Unafanya nini, pati ya LAN?"

"Ndiyo nini hiyo?"

"Kompyuta zikiunganishwa hivyo ndani ya chumba, ndilo jina lake. LAN. Watu wakikusanyika kuzichezea, ni pati ya LAN."

Jeska akalipenda lile neno. Lilikuwa fupi na lilinukia mjini. Akarudi nalo Ulyankulu pamoja na furushi la waya kichwani, zito kama mzigo wa wapagazi wa zamani waliopita njia hizo hizo na pembe za ndovu. Tofauti ni kwamba wapagazi hawakubeba neno lenye madhara.

Kabla hata hajafika nyumbani alimpigia simu Sylvester, mwandishi wa mabango. "Andika hivi: Jumamosi, pati ya LAN, ukumbi wa parokia, wote mnakaribishwa."

"Pati ya nini, dada?"

"Ya LAN!"

"Ya lani. Sawa, nimekupata," Sylvester akasema, na simu ikakatika.

Alhamisi nzima Jeska alikuwa sakafuni na nyaya. Kila waya ukiuchuna, ndani una nyuzi nane za rangi nane, na lazima zipangwe kwa mpangilio mmoja kila ncha, la sivyo mashine hazisikilizani. Ncha kumi na nane, nyuzi nane kila ncha. Kufika ncha ya tano macho yake yalikuwa yanaona chungwa palipo na kahawia. Nibizi alimwangalia kwa dakika chache, akamsukuma pembeni kwa nyonga. "Toka hapo. Mimi nimechambua majani ya tumbaku miaka thelathini. Kwa rangi zake najua limau, najua chungwa, najua mahogani, na najua jani linalojifanya mahogani. Nitajie mpangilio mara moja tu." Akatajiwa. Vidole vyake vikaenda mbio hata kivuli chake kikabaki nyuma, na kabla ya magharibi ncha zote zilikuwa tayari. Jeska akaipa kila mashine namba yake, moja hadi tisa, kama barabara za Ulyankulu, ili ujumbe usipotee njia. Akawasha. Mashine tisa zikaonana.

Akalala usingizi wa mtu aliyemaliza kitu.

Ijumaa asubuhi akaenda senta kununua chumvi. Muuza chumvi akampa chumvi kwa mkono ulionyooka, mwili wote ukiwa nyuma, kama anayemlisha mamba. Mwanamke mmoja akavuka barabara kumkwepa. Jeska akainua macho, akaliona bango limepigiliwa kwenye ukuta wa mashine ya kusaga, mahali ambapo hata kipofu hupita. Herufi zilikuwa nyekundu, nzuri, zenye kivuli:

JUMAMOSI. PATI YA KULAANI. UKUMBI WA PAROKIA. WOTE MNAKARIBISHWA.

Sylvester alikuwa chini ya ngazi, anafuta brashi, amejaa fahari. "Dada, umeliona?"

"Sylvester! Nani kakwambia kulaani?"

"Wewe. Ulisema pati ya lani. Nikatafakari usiku kucha. Lani si neno. Nikasema, dada yangu ana haraka, amemeza herufi. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani kwa imla. Nikakurekebishia, na hizo herufi za nyongeza nimekupa bure."

"Futa!"

"Rangi ya kufutia imeisha. Mpaka nikanunue Urambo, Jumatatu."

Lakini hata kama angekuwa na pipa la rangi, maneno yalikwisha kutoka mbio. Katekista Tobias alikuwa ameshapita mbele ya bango lile, na jioni, rozari ilipokwisha kwenye jumuiya, alitangaza kwamba mzazi yeyote asimruhusu mwanawe kukanyaga pale. Barabara zote zikasikia, hata zile ambazo hazikuwa na jumuiya siku hiyo. Kisha akamwendea Jeska. "Makubaliano yetu yalikuwa kujaza chumba, si kujaza jehanamu."

"Katekista, ni kosa la maandishi! Ni magari tu!"

"Saa tisa nitakuja," Tobias akasema. "Na maji ya baraka."

Wale vijana kumi wakatuma salamu za pole, mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa na homa, wa pili alikuwa na msiba, wa tatu alikuwa na msiba wa yule wa pili.

Jumamosi saa sita Jeska akafungua chumba. Mashine tisa zilikuwa zimewaka, magari tisa yananguruma pole pole kwenye vioo, na viti tisa havina mtu. Akakaa mlangoni na bisibisi yake. Aliwaza jinsi watakavyosema: Mwanzo kaanzisha tena.

Saa saba akasikia fimbo. Alikuwa Mzee Nsengiyumva, aliyetembea kutoka Barabara ya Kumi na Tatu akiwa amevaa koti la harusi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wanalaania hapa?"

"Babu, bango limekosewa..."

"Mimi nimeibiwa kengele ya baiskeli. Kengele tu! Mwizi wa baiskeli namwelewa, ana safari. Lakini mwizi wa kengele? Nimekuja kumlaani, na sitoki."

Nyuma yake kulikuwa na wengine. Tunu, muuza maandazi, alikuja kuwalaani dumuzi, wadudu waliogeuza mahindi yake unga kabla hajayapeleka mashineni. Justini, muuza nyama, alikuja kulilaani goti lake la kushoto. Mashemeji wawili walikuja kumlaani refa mmoja. Sylvester naye akaingia, akisema amekuja kumlaani aliyebuni neno lani. Nibizi akaja kimya kimya, leso kichwani.

"Mama! Hata wewe?"

"Bango limesema wote," Nibizi akasema. "Nami nina mbuzi."

Jeska akasimama mbele yao, akawaambia ukweli: hakuna laana, ni mchezo. Wakamtazama kama watu walioalikwa kwenye harusi wakakuta uji. Mzee Nsengiyumva akagonga fimbo. "Goti langu mimi ni bovu kuliko la huyo muuza nyama, na nimetembea nalo. Nitalaani!"

Hapo ndipo bisibisi ya Jeska ilipogeuka mkononi. Kila gari kwenye mchezo ule lilitaka kupewa jina kabla halijaondoka. "Haya," akasema. "Kaeni. Kila mmoja anitajie anachokilaani." Akaandika: KENGELE, DUMUZI, GOTI, REFA WA KWANZA, REFA WA PILI, LANI, MBUZI. "Sasa, laana za zamani unazitupa tu, hujui zimempata nani. Hizi unaziona kwa macho. Adui yako yumo humu, ana magurudumu manne. Mfukuze umgonge. Ila gari la adui yako ataliendesha mwenzako."

"Nani ataendesha mbuzi?" Nibizi akauliza, macho yakimwaka.

Mlangoni pakasikika kikohozi. Alikuwa Mama Dismasi, na nyuma yake yule mbuzi, aliyemfuata. Mama Dismasi akamwona Nibizi, akageuka aondoke.

"Shikamoo, mama," Jeska akawahi. "Umekuja kulaani nini?"

"Marahaba. Ulimi wa mtu fulani," akasema, akiangalia dari.

Jeska akaandika ULIMI, akampa mama yake aendeshe. MBUZI akampa Mama Dismasi. Kati ya viti viwili vilivyobaki, kimoja kilikuwa pembeni kabisa na kingine ubavuni mwa Nibizi, na Jeska akaweka begi lake kwenye kile cha pembeni, Mama Dismasi asiwe na pengine pa kukaa.

Wakaanza. Jamani! Mzee Nsengiyumva alibonyeza mshale wa kurudi, akazunguka njia nzima kinyumenyume, na bado akawa wa tatu. Mashemeji walimfukuza refa wao hadi magari yake yote mawili yakaingia mtoni. Justini aliona GOTI linapita, akasahau lake, akaruka juu ya kiti. Nibizi alikuwa na vidole vya kuchambua tumbaku. ULIMI ulikuwa mbele ya kila mtu, kama kawaida yake, ukageuka makusudi katikati ya daraja ukamsubiri MBUZI.

"Yampayinka!" Mama Dismasi akaapa kwa Kirundi, kwa jina la aliyempa ng'ombe, ng'ombe ambaye hajawahi kupewa, gari lake likiruka daraja. "Umenigonga kusudi!"

"Nimemgonga aliyekula kitalu changu chote!"

"Hakula chote! Alikula robo!"

Vidole vikaachia mishale. Hata magari yalionekana kupunguza moto.

"Kumbe alikula," Nibizi akasema taratibu.

Mama Dismasi akatazama kioo. Nje mbuzi akakohoa. "Alikula," akasema. "Na anakohoa mwaka mzima, nami silali. Hujatosheka tu, Mama Jeska?"

Nibizi alijaribu kununa, ila pua ilimsaliti. Kicheko kikamtoka, kikamwambukiza jirani yake, wakaegemeana mabega hadi leso zikaanguka. "Rudisha gari lako," Nibizi akasema akijifuta machozi. "Rudisha, nikugonge vizuri."

Jeska alicheka nao, kisha akatazama saa, kicheko kikakauka. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika tano. Watu nane. Kiti cha pembeni hakina mtu ila begi lake, na begi halihesabiki. Gari la mashine ile lilikuwa limesimama kwenye mstari. Alilipa jina yeye mwenyewe saa sita, akiwa peke yake na hasira zake, na kila aliyepita alikuwa analigonga kwa kuwa halikimbii.

Katekista Tobias akaziba mlango, chupa ya maji ya baraka mkononi. Alitarajia manyoya ya kuku na moshi. Akakuta watu wanapiga mayowe ya furaha, na Mzee Nsengiyumva amevua koti la harusi. Akahesabu kwa kidole, bila haraka. "Nane," akasema. "Jeska, kiti kimoja..."

"Katekista, unatuzibia mwanga!" Mama Dismasi akasema bila kugeuka. "Ingia au toka."

Tobias akasogea. Macho yake yakaangukia kioo cha pembeni. "Hilo gari gani mnalipiga hivyo, halina hata mtetezi?"

"Ni MAHINDI," akasema mmoja wa mashemeji. DUMUZI alikuwa mkononi mwake, na ndiyo kwanza alikuwa ameligonga gari lile ubavuni.

"Mahindi gani?"

"Yako, Katekista."

Mtu aliyelinda magunia ya parokia miaka ishirini dhidi ya panya, mvua na wajumbe wa kamati, angesimamaje aone mahindi yanapigwa na dumuzi? "Wacha!" akanguruma. Akaondoa begi, akaketi, akaweka chupa ya maji ya baraka kando ya kioo. "Nibonyeze nini? Upesi!"

"Huo mshale, Katekista. Wa juu."

MAHINDI yakaondoka. Yakamkwepa DUMUZI, yakampita GOTI, yakauvuka mto. Tobias alikuwa anainama na kila kona, ulimi umetoka nje kama wa mtoto anayejifunza kuandika. Simu ya Jeska, aliyoitegesha, ikalia saa tisa kamili.

"Katekista," Jeska akasema, "saa tisa. Hesabu."

"Nimeshahesabu. Nane."

"Na aliyeshika mahindi?"

Tobias akaganda. Alitazama kiti alichokalia, kwanza upande wa kulia, kisha wa kushoto, kana kwamba kimemwinamia chenyewe. Katika sekunde hiyo DUMUZI akatoka nyuma, akayasukuma MAHINDI mtaroni, magurudumu juu.

Watu nane wakamgeukia.

"Tisa," katekista akasema kwa shida. Kisha ile sauti isiyohitaji kipaza ikarudi: "Ni tisa, lakini huyu dumuzi hakucheza haki! Turudie! Anzeni upya, mimi nilikuwa nahesabu!"

Walirudia mara saba. Mara zote saba mahindi yalifika mtaroni, na barabara ya pili wakaitikia kila yowe.

Jumatatu magunia yalikuja, yakalala sebuleni kwa Tobias. Mkewe anasema siku hizi wageni wanakunywa chai wakiwa wamekaa juu ya sadaka. Vijana kumi walipona homa na misiba yote siku moja, wakaja kuandikishwa darasani, ikabidi wasubiri zamu nyuma ya Tunu na Mzee Nsengiyumva. Mbuzi bado anakohoa, ila sasa akikohoa, bua la ua linagongwa pande zote mbili.

Na Sylvester alirudi kutoka Urambo na rangi ya kufutia bango. Akapanda ngazi, akasikia mtu anamwita kutoka chini.

"We Sylvester!" Alikuwa Tobias. "Herufi usiziguse. Ongeza tu hapo kabla ya Jumamosi. Andika KILA."